Sura ya Saba: Pembe, Mifupa na Mvua za Bonde la Pangani

Mto Pangani huzaliwa katika miteremko ya Meru na Kilimanjaro, hukusanya maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hushuka kando ya milima ya Upare na Usambara hata ufikapo Korogwe, ambako mto Lwengera, utokao baina ya Usambara ya mashariki na ile ya magharibi, huuongezea maji kabla haujashika njia ya Hale na bahari. Kusini ya mto huo iko Handeni, nchi ya Wazigua, yenye nyika na vichaka na vilima vya mawe, ambayo mvua zake za vuli na masika aghalabu huahidi zaidi ya zinavyotoa. Watu wamekaa katika nchi hizi mbili tangu zama za kale sana, wakalima, wakafuga, wakafua chuma, wakafinyanga vyungu na kufanya biashara na pwani. Walakini maandiko yenye tarehe juu ya maisha yao ni machanga, kwani Johann Ludwig Krapf alipanda Vuga kwa mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, na Richard Burton na John Speke walipita bondeni mwaka 1857, na kabla ya hao ni machache mno yaliyotiwa wino. Je, mtu aliyekaa kando ya Pangani miaka elfu moja iliyopita alikula nini, na mvua za utoto wake zilikuwa njema au haba? Hadi nusu ya pili ya karne ya ishirini swali kama hilo lilijibiwa kwa kukisia tu. Leo liko jibu, si kamili, ila lenye uzito, nalo limo ndani ya mfupa, jino na pembe, katika hesabu ya atomu ambazo mwili uliziokota kutoka katika chakula na maji, ukajijengea.

Atomu za elementi moja hazilingani zote kwa uzito. Kaboni, ambayo ndiyo nguzo ya kila kiumbe chenye uhai, ina aina tatu, ziitwazo isotopu: ya 12, ambayo ni karibu 98.9 katika kila atomu mia; ya 13, iliyo nzito kidogo, ambayo ni kiasi cha 1.1, na ya 14, iliyo adimu mno, ambayo huoza na kupungua nusu yake kila baada ya miaka 5,730, nayo ndiyo itumikayo kujua umri wa vitu vya kale. Sura hii haihusiki sana na hiyo iozayo, bali na zile mbili zinazodumu, maana kwa tabia za kikemia ni ndugu wasiotengana, lakini kwa uzito hupitana, na kupitana huko, hata kuwe kudogo namna gani, hutosha kuifanya moja itangulie na nyingine ichelewe katika kila safari kutoka hewani kwenda katika jani, kutoka jani kwenda katika nyama, na kutoka nyama kwenda katika mfupa. Mashine ya maabara huigeuza chembe ya mfupa kuwa gesi, huipitisha katika uga wa sumaku ambao huzipinda atomu nyepesi zaidi ya nzito, kisha huzihesabu kila moja mahali pake.

Sasa tuingie shambani, kwa sababu ilimu hii isipoanzia shambani haifiki popote. Mimea yote hujenga miili yake kwa kaboni iliyomo katika hewa ukaa, lakini haiichukui kwa njia moja. Jamii iliyo kubwa zaidi, ambayo ndani yake imo karibu miti yote ya misitu ya Usambara, pamoja na migomba, mpunga, muhogo, viazi vikuu, kunde, mbaazi na minazi, huipendelea sana kaboni nyepesi na kuibagua ile nzito, hata upungufu wa kaboni 13 katika mimea hiyo, ukilinganishwa na kipimo cha rejea walichokubaliana wataalamu wa dunia nzima, hufika kiasi cha sehemu 26 au 27 katika elfu. Jamii ya pili, iliyozoea jua kali na uhaba wa maji, ambayo ndani yake umo mtama, uwele, ulezi, mahindi, miwa na takriban nyasi zote za nyika ambazo ng'ombe wa Handeni hulishwa, haibagui hivyo, na upungufu wake ni kiasi cha sehemu 12 tu. Kati ya jamii hizi mbili pana mwanya mkubwa usiozibwa na nafaka yoyote wala mzizi wowote wa chakula, na huo mwanya ndio uliowapa wanailimu njia. Protini ya mfupa iitwayo kolajeni huwa juu ya chakula kwa kiasi cha sehemu 5 katika elfu, na maadamu tofauti hiyo inajulikana, hesabu yaweza kurudishwa nyuma kutoka mfupani hata sahanini.

Msomaji wa Korogwe, ambaye amezungukwa na mkonge tangu kuzaliwa kwake, ana haki ya kuuliza mmea huo huwekwa wapi. Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, na katika miche elfu iliyoanza safari ni 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Na katika hiyo 62 likatoka zao lililotawala mkoa mzima kwa muda wa vizazi vitatu. Mkonge si wa jamii ya kwanza wala wa pili. Hufumba vinyweleo vya majani yake mchana ili usipoteze maji, huvifungua usiku na kuvuta hewa katika ubaridi, na kwa mwenendo huo kaboni yake hufanana na ile ya nyasi za nyika. Watu hawauli mkonge, lakini mizizi yake na majani yake huozea ardhini, na mtafiti atakayechukua udongo wa shamba lililokuwa la mkonge kwa nusu karne, akakuta kaboni nzito, kisha akakimbilia kusema kwamba mahali hapo palikuwa uwanda wa nyasi tangu kale, atakuwa ameusingizia udongo. Ndiyo maana nasema kwamba mwenye kupima lazima kwanza aijue tarikhi ya shamba, na tarikhi ya shamba wanaijua waliolilima.

Naitrojeni nayo ina aina mbili zidumuzo, ya 14 na ya 15, na hiyo ya 15 huzidi kwa kiasi cha sehemu 3 hadi 5 katika elfu kila chakula kinapopanda daraja, yaani kutoka mmea hadi kwa mla majani, na kutoka kwa mla majani hadi kwa mla nyama. Mtoto anyonyaye huwa daraja moja juu ya mama yake, kwa kuwa hula kitu kilichotoka mwilini mwa mama. Anapoachishwa ziwa hushuka, na mshuko huo hubaki ukisomeka katika meno yake hata baada ya karne nyingi, hivyo kwamba yawezekana kujua kinamama wa mji uliokufa waliwanyonyesha wana wao kwa muda gani, jambo ambalo hakuna mwandishi wa safari aliyejali kuliuliza. Samaki wa bahari huwa juu zaidi, kwani baharini mkubwa humla mdogo kwa daraja nyingi. Kwa hiyo mlaji wa ng'onda na papa mkavu aliyeletewa na wachuuzi kutoka Pangani angetazamiwa kuonekana mbali na jirani yake asiyejua ila mboga za majani na maziwa.

Walakini hapa pana mtego, nao ni mtego wa nchi kama Handeni hasa. Katika nchi kame naitrojeni nzito huongezeka udongoni, katika mimea na katika miili ya wanyama pasipo mtu kuongeza hata kipande kimoja cha nyama. Samadi ya zizini nayo huipandisha. Na mwili wenye njaa kali, unapoanza kujila wenyewe, hupanda vilevile. Fauka ya hayo, kaboni ya samaki wengi wa baharini hukaribiana na ile ya mtama. Basi mfupa wenye namba kubwa waweza kuwa wa tajiri aliyeshiba nyama, au wa mvuvi, au wa maskini aliyekufa kwa njaa, na namba pekee haimpambanui huyu na yule. Anayewapambanua ni yule ajuaye mahali, mvua, mifugo na masoko.

Afrika ya Mashariki ilipata bahati ya kuwa miongoni mwa mahali pa kwanza ilimu hii ilipojaribiwa juu ya watu ambao maakuli yao yalikuwa yakijulikana. Mwaka 1986 Stanley Ambrose na Michael DeNiro walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale na wa zama za karibu, wakaonyesha kwamba kwa kaboni na naitrojeni pamoja yawezekana kumtenga mfugaji na mkulima, mfugaji wa ngamia na mfugaji wa ng'ombe na mbuzi, na mkulima wa nafaka na yule asiyetegemea nafaka. Ngamia hula majani ya vichaka, ng'ombe hula nyasi, na maziwa ya kila mmoja hubeba kaboni ya malisho yake mpaka katika mifupa ya mtoto anyweshwaye. Tukiyaleta maarifa hayo katika bonde letu, tofauti iliyo kubwa zaidi tungeitazamia baina ya mtu wa Usambara ya juu, aliyeishi kwa ndizi, na mtu wa bondeni au wa Handeni, aliyeishi kwa mtama na uwele. Wawili hao, ambao huenda walikuwa wakikutana sokoni kila baada ya siku kadha, kimaabara ni kama watu wa mabara mawili.

Jambo moja ambalo kaboni haitatuambia ni lini mahindi yalipochukua mahali pa mtama. Mahindi yalitoka bara la Amerika baada ya safari za Wareno, yakaingia kutoka pwani na kuenea bara, na leo ndiyo ugali wa Handeni; lakini kwa kuwa mahindi na mtama ni wa jamii moja, mfupa haubadiliki hata chungu kikibadilika kabisa. Badiliko hilo, ambalo liliwaingiza wakulima katika zao linalodhoofika upesi mvua ikikatika, hutafutwa kwa njia nyingine: kwa punje zilizoungua jikoni, kwa chavua iliyozama matopeni, na kwa simulizi za wazee.

Chungu chenyewe si bubu. Mafuta ya chakula hupenya katika kuta za udongo wa kuchomwa na kukaa humo kwa maelfu ya miaka, na kaboni ya asidi zake hupambanua mafuta ya nyama na mafuta ya maziwa. Katherine Grillo na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020, waliyapima mafuta ya namna hiyo katika vigae vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vikiwemo vya Luxmanda katika mkoa wa Manyara, makazi ya miaka ipatayo 3,000 iliyopita, wakapata ushahidi wa maziwa, nyama na mimea. Vigae vya bonde la Pangani ni vingi kupita kiasi. Robert Soper, aliyefanya kazi Kwale ya Kenya na kaskazini mashariki ya Tanzania katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba wafinyanzi wa aina ya vyungu iitwayo Kwale walikwisha kuwapo huku katika karne za mwanzo baada ya Nabii Isa, na Jonathan Walz, katika tasnifu yake ya mwaka 2010, akaifuata tarikhi ya bonde la chini tangu mwaka 500 hadi 1900, akithibitisha kuwa bara na pwani zilikuwa zikipelekeana vitu muda mrefu kabla ya misafara mikubwa ya karne ya kumi na tisa.

Misafara hiyo ndiyo iliyotupa uchunguzi wa isotopu uliolihusu bonde hili kwa karibu zaidi, na haukuanza na mwanadamu bali na ndovu. Baada ya Sultani Said bin Sultan kuimarisha milki yake Unguja, na baada ya Wamarekani kufanya naye mkataba wa biashara mwaka 1833, pembe za ndovu ziligeuka kuwa mali iliyotafutwa kuliko zote, kwa kuwa viwanda vya Connecticut vilizipasua kuwa vifunguo vya piano, na mafundi wa Sheffield wakazifanya mipini ya visu. Bandari ya Pangani ilikuwa mlango wa njia ya kaskazini. Msafara uliondoka pwani, ukafuata mto hadi Korogwe na Ngombezi, ukapita Mazinde kwa mtawala Semboja, ukazunguka Upare na kuingia Umasaini. Na watu kama Jumbe Kimemeta wa Pangani waliijua njia hiyo hata wageni wa Ulaya walipotaka kuipita walimtafuta yeye. Katika vijiji vya njiani wapagazi walilala, wakanunua chakula, wakaacha shanga na mifupa jalalani. Mtanzania Thomas Biginagwa, katika tasnifu aliyoitoa mwaka 2012 Chuo Kikuu cha York, aliichimba mifupa ya wanyama iliyobaki katika vituo hivyo vya Korogwe, apate kujua misafara iligeuza vipi ufugaji, uwindaji na uvuvi wa wenyeji. Nami naiona kazi hiyo kuwa ya thamani kubwa, kwa sababu inamtazama mkulima aliyeuza chakula, si tajiri peke yake aliyeuza pembe.

Mwenzake katika mradi ule ule ulioongozwa na Paul Lane, Ashley Coutu, alilichukua swali jingine. Ilikuwa ikisemwa kwamba ndovu wa karibu na pwani walikwisha kuwa haba kufikia miaka ya 1880, na kwamba wawindaji walilazimika kusonga bara mwaka hata mwaka, na mpaka wa uwindaji ukawa unahama pamoja nao. Je, pembe zenyewe zaweza kuthibitisha? Pembe ya ndovu hukua maisha yake yote, tabaka jipya likijengeka ndani ya tabaka la zamani, kama vikombe vya kahawa vilivyopachikwa kimoja ndani ya kingine, hivyo kwamba ncha ni ya ujana na shina ni la mwaka wa kufa. Kila tabaka lina kaboni, naitrojeni, oksijeni na strontiamu za mwaka wake. Kaboni husema kama ndovu alikula majani au nyasi, na ndovu hula vyote viwili: Thure Cerling na wenzake, walioupima unywele wa mkia wa ndovu wa Samburu nchini Kenya sentimita kwa sentimita, walionyesha mwaka 2006 jinsi ndovu anavyoingia katika nyasi mbichi baada ya mvua na kurudi katika vichaka wakati wa kiangazi. Naitrojeni husema juu ya ukame, na oksijeni juu ya maji.

Strontiamu ina habari yake mwenyewe, na hapa jiolojia ya Handeni yaingia katika mazungumzo. Rubidiamu 87 iliyomo mawe­ni huoza polepole mno, nusu yake kwa kiasi cha miaka bilioni 49, ikawa strontiamu 87. Kwa hiyo jiwe la kale lenye rubidiamu nyingi hukusanya strontiamu hiyo kwa wingi, na jiwe la volkano lililotoka karibuni huwa nayo kidogo. Mawe ya Handeni na ya Usambara ni ya ule mkanda mkongwe uliopikwa kwa joto na kukandamizwa kwa uzito chini ya ardhi, uitwao Mkanda wa Msumbiji, ambao ndani yake watu hupata dhahabu na vito. Chokaa ya matumbawe ya pwani hubeba uwiano wa maji ya bahari, ambao leo ni 0.7092, mawe ya volkano ya Bonde la Ufa na Kilimanjaro huwa chini ya hapo, na matale ya kati ya nchi, kuelekea maziwa makuu, ambayo umri wake hupita miaka bilioni 2.5, huwa juu. Mmea huinyonya strontiamu kutoka udongoni, mnyama huila, na tofauti na kaboni haibaguliwi wala haigeuzwi njiani kwa kiasi cha kupotosha, bali hupita kama ilivyo.

Coutu na wenzake walizipima kwanza pembe na mifupa ya ndovu ambao mahali pao palijulikana kwa hakika, wa pwani, wa Bonde la Ufa na wa maziwa ya bara, wakapata ramani ya rejea. Kisha wakazileta pembe zilizouzwa nje ya Afrika ya Mashariki mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa ya ishirini, ambazo hakuna aliyeandika zilikotoka, wakazipatia makao yake yaliyo karibu na yakini. Kazi yao ilichapishwa mwaka 2016. Mtu aliyeketi mbele ya piano mjini New York mwaka 1890 hakujua kwamba vidole vyake vimegusa majani na mawe ya nchi fulani ya Afrika. Leo yawezekana kuitaja nchi hiyo. Tena faida yake haikuishia katika tarikhi, maana ramani hiyo hiyo yaweza kusaidia kujua pembe inayokamatwa leo ilitoka katika kundi lipi la ndovu.

Nimekawia katika pembe kwa makusudi, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha vizuri kanuni ya kazi yote: pasipo ramani ya rejea hakuna jibu.

Juu ya mvua twende haraka kidogo. Oksijeni 18 ni nzito kuliko oksijeni 16. Maji yanapokauka ile nyepesi huondoka kwanza, na mvua kubwa za nchi za joto huja na oksijeni nyepesi zaidi. Mwaka 2000 Lonnie Thompson na wenzake walitoboa barafu ya Kilimanjaro mahali sita, na mwaka 2002 wakatangaza kumbukumbu ya miaka 11,700, yenye mabadiliko makali ya hewa kiasi cha miaka 8,300, 5,200 na 4,000 iliyopita. Umri huo haukukubaliwa na wote. Georg Kaser na wenzake walihoji mwaka 2010 kwamba barafu ya mlima ule huenda imetoweka na kurudi zaidi ya mara moja katika muda huo, nami naona hoja yao haifai kupuuzwa. Matope ya chini ya ziwa Challa, lililoko mpakani mashariki ya Kilimanjaro, yana utulivu mkubwa zaidi. Huko nta ya majani iliyozama imehifadhi hidrojeni ya mvua za miaka 25,000, na wachunguzi wameona jinsi pepo za msimu zilivyopata nguvu na kudhoofika kwa kufuata mwendo wa dunia kuzunguka jua. Isotopu za maji ya chemchemi za Kilimanjaro nazo zimeondoa hofu moja na kuleta nyingine: maji mengi ya chini ya ardhi yashukayo kuelekea Pangani hutokana na mvua ya ukanda wa msitu, si barafu, na maana yake ni kwamba anayekata msitu ule anaukata mto wa Korogwe.

Kumbukumbu iliyo na saa za karibu zaidi iko katika ziwa Naivasha, nchini Kenya, ambako Dirk Verschuren na wenzake, kwa kutumia chembe za mwani na wadudu wa matopeni wala si isotopu, walionyesha mwaka 2000 kwamba katika miaka 1,100 ya mwisho ulikuwapo ukame wa baina ya 1380 na 1420, wa baina ya 1560 na 1620, na wa baina ya 1760 na 1840. Ziwa hilo liko mbali na Handeni, na mvua ya nchi moja si lazima iwe ya nyingine. Hata hivyo, mwishoni mwa ukame huo wa tatu, katika miaka ya 1830, njaa kubwa iliwapata Wazigua, na wengi wao, wakitumaini kupelekwa penye chakula, walijikuta wamevushwa bahari na kuuzwa utumwani kusini ya Somalia. Waliopata kutoroka walijenga vijiji kando ya mto Juba, na wajukuu zao wakaendelea kusema Kizigua huko kwa zaidi ya karne moja na nusu, hata vita vya mwaka 1991 vikawarudisha baadhi yao Tanzania, wakapewa makazi Chogo, katika Handeni ile ile waliyotoka babu zao.

Mtu aliyezaliwa Uzigua akafa Juba hubeba nchi mbili mwilini. Taji la gego lake la kwanza, ambalo huanza kujengeka anapozaliwa na kukamilika kiasi cha miaka mitatu, lina mawe na mvua ya Uzigua, nalo halibadiliki tena. Mfupa wake, ambao hujijenga upya polepole maisha yote, una mawe na maji ya ugenini. Kwa hiyo yawezekana kumjua mtumwa aliyetolewa kwao hata kama jina lake halimo katika daftari lolote, na kwa umma ambao madaftari yake yaliandikwa na waliouuza, hiyo ni haki iliyochelewa. Ila kaburi ni kaburi. Mfupa wa mtu una wenyewe, una ukoo na tambiko, na hakuna kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) wala cha Idara ya Mambo ya Kale kinachoweza kuchukua mahali pa ridhaa ya wazee wa kijiji. Tena si kila swali lahitaji mfupa wa mtu. Jino la mbuzi wa jalalani, ambalo miligramu chache tu za gamba lake la nje hutosha, lina malisho, maji na mawe ya mwenye mbuzi, na katika joto la bondeni gamba hilo hudumu baada ya kolajeni kuoza na kupotea.

Kinachotakiwa kufanywa kwanza kinaweza kufanywa na wenyeji. Majani, nyasi, udongo, maji ya visima na konokono wa kila kata ya Handeni na Korogwe vikusanywe na kupimwa, mtama wa mbegu za zamani kando ya mahindi ya leo, mahali palipokuwa mkonge na mahali ambapo haukupandwa kamwe. Na hesabu ya leo isahihishwe, kwa kuwa moshi wa makaa ya mawe na petroli umeipunguza kaboni nzito ya hewa ya dunia nzima kwa kiasi cha sehemu 2 katika elfu, na mmea wa leo si sawasawa na ule wa babu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda vitu vilivyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, lakini sheria haipo shimoni jembe linapogonga. Aliyepo ni wewe. Basi, ndugu msomaji, ukichimba kisima Kwamkono, ukitafuta dhahabu katika vilima vya Handeni, au ukilima kando ya mto huko Ngombezi, ukakuta vigae, meno au mifupa iliyokaa pamoja, usivioshe, usivitenganishe, wala usivipeleke nyumbani. Viache vilivyo, weka alama mahali, na mpe habari mtendaji wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya siku hiyo hiyo.